Kigae cha Udongo na Sura ya Shaba ya Kale

Wengi wenu mmetuuliza habari za vile vigae vya mapambo vyenye sura ya shaba ya kale, ambavyo vijana wa usharika wetu wamevipanga kuzunguka birika la ubatizo. Mgeni mmoja alidhani ni shaba kweli, akauliza ni nani aliyetoa sadaka kubwa namna hiyo. Si shaba, wala hapakuwa na sadaka kubwa. Ni udongo uliochomwa, na juu yake rangi ya dukani. Mwezi huu twapenda kuwaeleza jinsi kazi hii ifanyikavyo, ili sharika nyingine nazo zipate kuifanya. Kisha tutasimulia jambo lililotupata katika kuviuza vigae hivi, maana lilitusumbua kuliko kazi yenyewe.

Mtu hawezi kuiga sura ya kitu asichokitazama. Hilo ndilo kosa la kwanza la wote waanzao: huchukua rangi ya kijani, hupaka kigae chote, kisha hushangaa kuona kinafanana na mlango wa duka. Basi na tuanze kwa shaba yenyewe.

Sisi wakaaji wa Mbeya na Iringa twaiona shaba ikipita. Malori yatokayo Zambia na Kongo huingia Tunduma, hupita Mbeya, Makambako na Mafinga, huteremka kwenda Dar es Salaam, yamebeba mabamba ya shaba yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma. Hata reli ya TAZARA, iliyojengwa tangu 1970 hata 1975, ilijengwa hasa ili shaba ya Zambia ipate njia ya kufika baharini. Twaiona ikipita; kwetu haishuki. Watu wa Katanga zamani waliiyeyusha shaba yao, wakaimimina katika kalibu yenye umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilikuwa fedha yao kabla ya mhubiri yeyote kufika huko. Haikuwa ishara ya Kristo, ilikuwa umbo la biashara tu, ingawa mhubiri akiiona hakosi la kusema.

Shaba mpya ni nyekundu yenye kung'aa, mfano wa matofali mabichi yaliyopakwa mafuta. Ikikaa hewani hupoteza mng'ao wake, hugeuka kahawia, kisha kahawia iliyoiva hata kukaribia weusi. Ndipo baada ya miaka mingi, mahali penye mvua na umande, kijani huanza kutokea. Kijani hicho si uchafu ulioletwa na upepo. Ni shaba yenyewe iliyoungana na hewa na maji. Na kama pana moshi wa viwanda, imeungana pia na kiberiti kilichomo katika moshi huo. Na kama ni pwani, na chumvi ya bahari. Kwa sababu hiyo kijani cha shaba si cha namna moja. Pengine huelekea buluu, pengine huelekea weupe kama chokaa. Tena hakianzi mahali pote pamoja. Huanza katika mabonde ya michoro, penye kukaa maji, na katika njia ambazo maji ya mvua huteremkia. Mahali paguswapo na mikono ya watu hubaki kahawia na wekundu. Shaba iliyo ndani ya nyumba kavu huweza kukaa miaka na miaka isipate kijani hata kidogo.

Sanamu kubwa ya Uhuru iliyo bandarini New York ilizinduliwa mwaka 1886, nayo ilikuwa na rangi ya senti mpya. Ngozi yake ni shaba yenye unene wa milimita mbili na nusu hivi. Iligeuka kahawia kwanza, na katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 ikawa kijani, na hivyo ndivyo watu wote waijuavyo leo. Vivyo hivyo kuba la kanisa kuu la Berlin, lililowekwa wakfu mwaka 1905, ni la shaba, na kijani chake huonekana kutoka mbali. Wamisionari wa Berlin waliofika Konde mwaka 1891, ambao baadaye kazi yao ilienea hata Ubena na Uhehe, waliondoka kwao kabla ya kuba hilo kuwapo. Tena Mlutheri asisahau ya kwamba Hans, baba yake Martin Luther, alikuwa mtu wa shaba. Mwaka 1484, mtoto akiwa na umri wa miezi michache tu, alihamia Mansfeld, akafanya kazi katika machimbo na matanuri ya kuyeyushia shaba. Fedha ya shaba ndiyo iliyompeleka Luther katika chuo kikuu cha Erfurt.

Jambo moja zaidi, kwa maana lapendeza kulijua. Mabati ya makanisa yetu yakipata kutu, kutu hula. Hubanduka, maji huingia, kutu hula tena, mpaka mvua yanyesha juu ya kwaya. Kutu ya shaba haifanyi hivyo. Ikiisha kushika hufunika kama ngozi, huilinda shaba iliyo chini yake. Ndiyo maana paa la shaba hudumu muda mrefu mno.

Msomaji atasema, Sisi hatuendi Berlin wala New York, tutazame nini? Tazameni vilivyo karibu. Mtu alimaye penye boma la zamani huenda akaokota heller ya Wadachi, fedha ya shaba iliyotumika hapa kabla ya vita ya 1914. Ile ya heller 20 iliyopigwa Tabora mwaka 1916, wakati wa vita, yapatikana ya shaba nyekundu na ya shaba ya njano. Wazee wengi wanazo senti zenye tundu katikati, za wakati wa Waingereza. Iweke moja mezani ufanyapo kazi. Utaona ya kuwa kijani kimejificha kandokando ya herufi, na herufi zenyewe zimebaki kahawia. Na ndugu zetu wa Mbozi na Rungwe walimao kahawa waijua rangi hii bila kufundishwa, maana dawa ya shaba wanyunyiziayo miti yao huacha doa la buluu na kijani juu ya majani na juu ya bomba. Rangi hiyo hiyo, ikififizwa kidogo, ndiyo tuitakayo.

Sasa kazi. Kigae kilicho bora ni kile chenye michoro iliyoinuka, kwa sababu pasipo bonde na kilima kutu haina mahali pa kukaa. Sisi tulichonga kalibu ya mti yenye muhuri wa Luther, yaani msalaba ndani ya moyo, na moyo ndani ya waridi. Tuligandamiza udongo ndani yake, tukaukausha kivulini siku nyingi, tukauchoma pamoja na matofali. Udongo ukikaushwa juani hupinda. Ukichomwa kabla ya kukauka hupasuka, na kupasuka kwake husikika kama bunduki.

Vigae vya dukani vyenye kung'aa, ambavyo mafundi siku hizi huviita marumaru, navyo vyafaa, lakini sharti visuguliwe kwa msasa mpaka mng'ao upotee, vioshwe kwa sabuni, vikaushwe, kisha vipakwe praima ishikayo juu ya vitu laini. Asiyefanya hivyo ataibandua rangi yake yote kwa ukucha. Na hapa tuseme wazi maoni yetu: vyungu na vigae vya wanawake wa Kikisi wa Ikombe na Matema visipakwe kamwe. Udongo wao una uzuri wake mwenyewe, na kuufunika ni hasara.

Kigae cha udongo usiong'aa hunywa rangi kama mchanga unywavyo maji. Kwa hiyo kipake kwanza praima mara moja, au rangi nyeupe ya maji iliyolegezwa, ukiache usiku kucha. Kesho yake paka rangi ya kahawia iliyotiwa weusi kidogo, ukifikisha brashi katika kila bonde. Rangi hii ndiyo ile shaba iliyoiva, nayo ndiyo msingi. Ikikauka, chukua rangi ya shaba yenye kumetameta iuzwayo katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Usiipake kwa brashi. Kata kipande cha godoro bovu, kichovye kidogo, kigongegonge kwanza juu ya gazeti mpaka kikaribie kukauka, kisha kigonge juu ya kigae. Shaba itashika vilima, na mabonde yatabaki meusi. Usifunike kote. Mahali palipokosa rangi ndipo palipo na uzee.

Baada ya hayo huja kutu, na hapa twaomba subira. Changanya rangi ya maji nyeupe na kijani na buluu kidogo, upate rangi ya bomba la kahawa tuliyoitaja. Gawanya katika makopo mawili, na katika kopo la pili zidisha nyeupe. Legeza kopo la kwanza kwa maji mpaka rangi iwe kama maziwa. Simamisha kigae kama kitakavyosimama ukutani, yaani juu yake juu na chini yake chini. Kisha tia rangi hiyo katika mabonde kwa brashi ndogo, ukinyunyiza maji kidogo ili iteremke yenyewe. Iache iende ipendako. Maji yajua njia yake kuliko mkono wa fundi. Kabla haijakauka, futa vilima kwa kitambaa chenye unyevu. Ikiisha kukauka, chukua rangi ya kopo la pili, iliyo nzito na nyeupe zaidi, uiguseguse kwa ncha ya kipande cha godoro hapa na pale, penye kona na chini ya michoro, ambapo umande ungekaa. Mwisho, tia tone la rangi ya shaba kidoleni, usugue juu ya msalaba na kando za kigae, mahali ambapo mikono ingepagusa kwa miaka hamsini.

Kiache kigae siku mbili au tatu, kisha kipake vanishi isiyong'aa. Vanishi yenye kung'aa huharibu kazi yote, kwa kuwa kutu ya shaba ni ya vumbivumbi, hairudishi nuru.

Vigae vyetu vya kwanza viliharibika vyote, navyo vilikuwa thelathini. Tulivipaka mwezi wa nne, tukiwa wageni wa usharika mmoja wa upande wa Tukuyu, ambako kwa mwaka hunyesha mvua ya zaidi ya milimita 2,000. Juu vilionekana vikavu, lakini ndani udongo ulikuwa umejaa unyevu. Baada ya majuma mawili rangi ikavimba kama mkate, ikabanduka. Tangu hapo twapaka katika miezi ya kiangazi tu, na hata hivyo mwezi wa sita na wa saba, kwa ajili ya baridi ya nyanda zetu, rangi hukawia kukauka mara mbili ya ilivyoandikwa juu ya kopo. Kule Iringa, ambako hewa ni kavu zaidi, kazi hii ni nyepesi.

Wako wanaofundisha njia nyingine. Hutumia rangi iliyo na unga wa shaba ya kweli ndani yake, kisha huitia siki na chumvi na amonia ili ipate kutu ya kweli. Kutu hutoka, tena ni nzuri. Lakini amonia huchoma macho na kifua, na mtu akiichanganya na dawa ya klorini ya kufulia nguo hutoka hewa yenye sumu. Hatuwapi vijana kazi hiyo. Wala mtu asichukue mrututu au dawa ya kahawa kuwa rangi, kwa sababu ni sumu ikiingia kinywani. Na kutu ya kijani ikionekana ndani ya sufuria ya shaba, chakula kisipikwe humo.

Mtu aliuliza kwa nini tusikusanye nyaya za shaba na kutengeneza kitu cha kweli. Jibu ni jepesi. Shaba ya kweli ikiwekwa nje, wezi huikata usiku. Na anunuaye nyaya pasipo kujua zilikotoka huenda akanunua umeme wa jirani yake.

Sasa lile jambo la kuuza. Vigae vya birika vilipokwisha, vijana walitengeneza vingine ili wauze, fedha ipate kununua mabati ya darasa la watoto wa Jumapili. Siku moja akaja bwana mmoja mwenye kujenga nyumba. Alivitazama sana, akamwuliza kijana aliyekuwa mezani, "Shaba hii imetoka Zambia?" Kijana akacheka, akajibu, "Bwana, shaba yote hupita hapa kwetu." Yule bwana akanunua vigae kumi na viwili, kwa bei iliyozidi mara nne ile tuliyopatana, maana yeye mwenyewe ndiye aliyeitaja bei, na kijana hakuikataa.

Baada ya majuma matatu alirudi siku ya Jumapili, watu wakitoka kanisani, mkononi mwake kigae kilichokwaruzwa kwa kisu. Chini ya rangi ulionekana udongo. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Nilikuwa nawasifu kwa watu."

Tulikaa na wazee jioni ile. Mabati yalikuwa yamekwisha kununuliwa na kupigiliwa. Mzee mmoja alisema, Kijana hakusema uongo, kwa kuwa ni kweli shaba hupita hapa. Tena mnunuzi ni mtu mzima, naye angeuona uzito wa kigae. Mwingine alisema, Kazi yenyewe ndiyo dhambi, kwa sababu kufanya kitu kipya kionekane cha zamani ni udanganyifu. Na vigae vya birika navyo ving'olewe. Basi ikawa tuna maneno mawili, na yote mawili hayakutupendeza.

Tulisoma Yoshua sura ya 9, habari za Wagibeoni. Walichukua magunia makuukuu, na viriba vilivyopasuka na kutiwa viraka, na viatu vya kale, na mkate mkavu wenye ukungu, wakamwambia Yoshua ya kuwa wametoka nchi ya mbali. Mkate ule ulikuwa mkavu kweli, na viriba vilikuwa na viraka kweli. Uongo ulikuwa katika kile walichotaka Yoshua akiamini. Kijana wetu alifanya vivyo hivyo: neno lake lilikuwa la kweli, na lilitumwa kufanya kazi ya uongo. Kisha tulisoma 1 Wafalme sura ya 14, ambapo Shishaki mfalme wa Misri alizitwaa ngao za dhahabu, na mfalme Rehoboamu akafanya ngao za shaba mahali pake. Zilichukuliwa na walinzi kila mfalme alipoingia nyumbani mwa Bwana. Hatusomi ya kwamba aliwaambia watu ni dhahabu. Ilikuwa aibu, lakini haikuwa udanganyifu. Kila mtu alijua dhahabu imekwenda wapi.

Kwa hiyo vigae vya birika havikung'olewa. Hakuna aliyeuziwa kitu pale, na kila aulizaye huambiwa. Lakini fedha ya yule bwana tuliamua kuirudisha yote, si ile iliyozidi tu, maana angaliambiwa kweli huenda asingalinunua hata kimoja. Mzee yule wa kwanza hakukubali mpaka mwisho, akaandikisha kutokukubali kwake katika kitabu cha baraza, nasi twamheshimu. Hatukuwa na fedha. Vijana walifyatua matofali ya watu kwa muda wa miezi miwili, na yule kijana wa mezani pamoja nao, asubuhi kabla ya wengine. Hatukumwita mbele ya usharika. Alikuwa na umri wa miaka kumi na saba, na kwa bei aliyoitaja mnunuzi mwenyewe hata watu wazima wangeyumba.

Tulipompelekea yule bwana fedha yake alizihesabu mara mbili, akaturudishia vigae kumi na kimoja. Cha kumi na mbili, kile alichokikwaruza, alisema atabaki nacho.

Tangu siku hiyo nyuma ya kila kigae, kabla hakijachomwa, huandikwa kwa ncha ya msumari maneno matatu: UDONGO NA RANGI. Huandikwa wakati udongo ungali mbichi, kwa sababu maandishi ya wino hufutika, na karatasi hubanduka. Herufi ziwe kubwa, na kina chake kisizidi unene wa shilingi, ili kigae kisidhoofike kikapasuka tanurini. Ukikitia ukutani kwa saruji maandishi hayaonekani tena; kwa hiyo auzaye humgeuzia mnunuzi kigae, akamsomea, kabla ya kutaja bei. Kukisafisha, tumia kitambaa chenye maji matupu. Sabuni ya unga hula vanishi, na mchanga wa kusugulia sufuria usikikaribie.